Kitabu Ndicho Kinachochagua Glasi

Katika Kenya ya miaka ya 1930, Mwafrika aliyeshika glasi ya jini yenye ndimu na barafu alikuwa anavunja sheria. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umezuia pombe kali kuuzwa kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili, mkataba wa Saint-Germain wa 1919 ukakazia hapo hapo, na serikali ya kikoloni ikajitungia sheria zake juu ya hayo. Mzungu alikunywa wiski klabuni. Mwafrika aliachiwa pombe ya kienyeji, tena kwa vibali na misako. Justin Willis amelieleza jambo hili kwa kina katika Potent Brews, kitabu chake cha 2002 kuhusu pombe na jamii Afrika Mashariki. Nimeanza hapo kwa sababu swali ninaloulizwa na wasomaji wenzangu wa Kitengela, kwamba kitabu gani cha historia kinaendana na kokteli gani, majibu yake yamo ndani ya vitabu vyenyewe. Nani alikunywa nini, nani alikatazwa, na nani alitajirika kwa kumwuzia mwenzake.

Kwa hiyo nashauri kitabu kichague kinywaji. Ukianza na chupa iliyoko kabatini utasoma chochote kilicho karibu, na ukifika glasi ya pili hutakumbuka hata mhusika alizaliwa wapi. Fungua kitabu kwanza. Angalia watu wake wanakunywa nini harusini, klabuni, kwenye posa, baada ya uchaguzi. Waandishi wa wasifu husema mengi kuhusu meza hata pale wanapodhani wanazungumzia siasa. Kitabu kikiwa kimya, tazama mahali kinapotokea, na kinachomea au kufugwa hapo. Na kitabu kikiwa cha mateso, weka pombe kando kabisa. Hilo nitalirudia tukifika Ngong.

Lakini kabla ya vitabu kuna maji. Kila mkazi wa Kitengela anajua kwamba maji ya visima vyetu yana chumvi, na sehemu nyingi za Kajiado yana floridi pia. Kuyachemsha hakusaidii, kwani maji hupungua na chumvi hubaki ile ile. Ukigandisha maji hayo, kokteli itaanza vizuri. Baada ya kurasa chache barafu imeyeyuka na chumvi imeifunika ndimu. Nunua maji yaliyosafishwa kwenye maduka ya kujazia mitungi. Yagandishe usiku kucha katika bakuli la plastiki, kisha uyavunje vipande vikubwa. Kipande kikubwa huyeyuka polepole, na msomaji hana haraka.

Tengeneza na shira. Kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, pasha moto hadi sukari iyeyuke yote, acha ipoe, tia chupani, weka jokofuni. Asali nayo ilainishwe: vijiko viwili vya asali kwa kimoja cha maji ya moto. Asali nzito ikikutana na barafu hukaza, hushika chini ya glasi, nawe unakunywa ndimu tupu mpaka mwisho. Kama huna vyombo vya kupimia, kijiko cha mezani ni mililita 15. Vijiko vitatu ndicho kipimo cha pombe kali katika kila kinywaji nitakachokitaja, na kwa kikao kimoja glasi moja inatosha. Atakayetaka ya pili asubiri kitabu kifungwe.

Chupa inunuliwe ikiwa imefungwa na ina stempu ya mamlaka ya mapato, KRA. Usinunue pombe kali ya kupimiwa kwa kikombe, hata muuzaji awe mtu unayemjua. Methanoli hupofusha na kuua, na ulimi hauwezi kuitambua ndani ya kinywaji.

Kwa upande wa glasi, Kitengela tumejaliwa. Pembezoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi kuna karakana za vioo zilizoanzishwa na msanii Nani Croze, na mwanawe Anselm anapuliza glasi kutokana na vioo vilivyokwisha kutupwa, vya madirisha na vya chupa. Shika moja uitazame kwenye mwanga. Ndani ya ukuta wake kuna viputo vidogo vilivyonaswa wakati kioo kikiwa bado uji wa moto, mdomo wake haulingani sawasawa, na kitako chake ni kizito kuliko unavyotarajia. Kitako hicho kina kazi. Ndimu zinapondwa humo ndani, na glasi nyepesi ya supamaketi hupasuka mkononi.

Sasa vitabu. Kikao cha kwanza kiwe cha ardhi unayoikalia. Wengi wetu tulikuja Kitengela tukiwa na karatasi ya ploti ya futi 50 kwa 100, tukachimba msingi, tukaweka lango, na hatujui uwanda huu ulifikaje hali ya kukatwa vipande na kuuzwa. Tafuta Moving the Maasai cha Lotte Hughes, kilichotoka 2006. Hughes anasimulia mkataba wa 1904, ambao chini yake Wamaasai walitolewa kwenye malisho ya Bonde la Ufa karibu na Naivasha ili reli na walowezi wapate nafasi, wakagawanywa baina ya Laikipia kaskazini na hifadhi ya kusini. Waliahidiwa kwamba huko hawatasumbuliwa tena. Ahadi ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 mkataba wa pili, chini ya Gavana Percy Girouard, uliwatoa Laikipia pia, na kufikia 1913 watu na mifugo yao walikuwa wamesukumwa kusini. Wengi wa ng'ombe hawakufika.

Jina la kushika katika kitabu hicho ni Parsaloi Ole Gilisho, msemaji wa rika lake, aliyepinga uhamisho huo. Kesi ilipelekwa mahakamani mwaka 1913 kwa jina la Ole Njogo na wenzake. Mahakama haikusema Wamaasai wametendewa haki. Ilisema mikataba ile ni makubaliano baina ya Mfalme wa Uingereza na taifa jingine, kwa hiyo mahakama ya kawaida haina uwezo wa kuisikiliza. Rufaa nayo ikaanguka. Soma sura hiyo polepole. Watu wale walihesabiwa kuwa taifa huru siku ile ile ambayo uhuru huo ungeweza kuwanyima haki yao, na siku nyingine zote walihesabiwa raia wa kutawaliwa.

Kajiado yetu ilikuwa sehemu ya hifadhi ile ya kusini. Baada ya Uhuru zikaja ranchi za pamoja chini ya sheria ya 1968, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa kwa wanachama mmoja mmoja. Kutoka hapo hadi kwa dalali aliyekuuzia wewe ni hatua fupi.

Kinywaji cha kitabu hiki kinatokana na asali. Kwa Wamaasai pombe ya asali ni ya wazee, ya baraka, ya posa na ya kupatanisha waliokosana. Wamorani, vijana wapiganaji, hawakuruhusiwa kuionja. Ole Gilisho alipoingia katika mambo ya mahakama hakuwa tena kijana wa mkuki, alikuwa mtu mzima aliyeamua kupigana kwa maneno, na kinywaji cha rika hilo ndicho kinachomfaa. Pombe yenyewe ya asali haipatikani madukani, na si ya kuigiza jikoni ili tu kupamba kikao. Ndipo ninapopendekeza dawa, ile kokteli iliyopata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore, Nairobi, uliofunguliwa 1980. Asili yake ni caipirinha ya Brazil, lakini asali ndiyo iliyoifanya yetu.

Chukua ndimu moja, ioshe vizuri kwa sababu utatumia ganda lake, ikate vipande vinane. Tia kwenye glasi nzito pamoja na kijiko cha chai cha sukari ya kahawia. Ponda kwa mchi mdogo au mpini wa mwiko, mara tano au sita. Unatafuta maji ya ndimu na mafuta kidogo ya ganda. Ukiendelea kutwanga utatoa uchungu wa ile sehemu nyeupe na hakuna sukari itakayouondoa. Jaza barafu, mimina vijiko vitatu vya vodka. Halafu chukua kijiti safi, kiviringishe katika asali nzito ya Kajiado mpaka ishike tonge, ukisimamishe ndani ya glasi. Hapa asali isilainishwe. Inatakiwa iyeyuke polepole huku ukikoroga, ili funda la kwanza liwe kali na la mwisho liwe tamu. Asiyekunywa pombe aweke maji ya soda mahali pa vodka, na hatapungukiwa kitu.

Ukipenda upande wa ujana, soma The Worlds of a Maasai Warrior, maisha ya Tepilit Ole Saitoti kwa kalamu yake mwenyewe, kilichotoka 1986. Saitoti alikuwa Mmaasai wa Tanzania, na kitabu chake kinatoka Ngorongoro hadi Ulaya na Marekani na kurudi. Hapa usitie pombe. Moran hanywi pombe, na desturi ilimkataza hata kunywa maziwa akiwa peke yake. Lazima awe na mwenzake wa rika. Kwa hiyo kisome na mwenzako, mkipokezana sura kwa sauti, na mnywe mala. Maziwa ya Kimaasai yaliyochachuka, kule naoto, hukaa katika kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha mzeituni mwitu, ndiyo maana yana harufu ya moshi na vipunje vyeusi vya makaa. Mala ya pakiti haina moshi huo. Akina mama wanaouza maziwa siku za soko wakikupa ya kibuyu, shukuru. Ukikosa, koroga mala ya dukani na kijiko cha asali iliyolainishwa na tangawizi mbichi iliyokunwa, uinywe baridi.

Baada ya hapo panda Ngong. Vile vilima viko ndani ya kaunti yetu, na vimebeba vifo viwili ambavyo msomaji wa historia ya Kenya anapaswa kuvisoma vikiwa pamoja.

Cha kwanza ni cha Denys Finch Hatton, mwindaji Mwingereza aliyekufa ndege yake ilipoanguka Voi mwezi Mei 1931, akazikwa Ngong, na kakake akamsimamishia mnara. Wasifu wake ulioandikwa na Sara Wheeler, Too Close to the Sun, ulitoka 2006. Umeandikwa vizuri na umejaa meza za walowezi: mvinyo, gramafoni, klabu ya Muthaiga. Kinywaji chake kipo wazi, ni jini ya waridi. Tia matone manne ya Angostura katika glasi baridi, zungusha mpaka yapake ukuta wote, mwaga yanayobaki, ongeza vijiko vitatu vya jini na maji baridi kiasi hicho hicho. Ni kinywaji kikavu, hakina sukari, na kinamlazimisha mnywaji kwenda taratibu.

Ila nasisitiza usimsome Wheeler peke yake. Weka kando yake Longing for Darkness cha 1975, masimulizi ya Kamante Gatura, mpishi wa mlowezi na mwandishi Karen Blixen, yaliyokusanywa na Peter Beard. Soma karamu upande wa waalikwa, kisha isome upande wa jikoni. Aliyepika, aliyebeba barafu na aliyeosha glasi alikuwa mtu ambaye sheria ilimkataza kunywa kilichokuwa ndani yake. Mimi nafikiri vitabu vya walowezi vimependwa mno nchini humu, hata katika maktaba za watu ambao babu zao ndio waliofukuzwa kwenye mashamba yale, na njia ya kuvisoma bila kulewa sifa zake ni kuweka sauti ya pili mezani.

Kifo cha pili ni cha mwanasiasa Josiah Mwangi Kariuki, JM. Alitoweka Nairobi mapema Machi 1975, na mwili wake ukapatikana Ngong, ukiwa umeonwa na mchungaji wa Kimaasai. JM alikuwa ameshaandika maisha yake. Mau Mau Detainee kilitoka 1963, mwaka wa Uhuru, kikieleza kambi 14 alizopitishwa kati ya 1953 na 1960. Anaandika bila chuki inayofoka, na hilo ndilo linalokishika kifua cha msomaji, kwa sababu wewe unajua yatakayompata miaka 12 baadaye na yeye anayeandika hajui.

Kitabu hiki hakitaki kokteli. Watu walihesabiwa mgao wa chakula na maji, walipigwa, walikufa kambini. Kukaa juu ya kurasa hizo na kinywaji chenye kipande cha chungwa pembeni ni kukosa adabu. Chemsha chai ya rangi, kali, bila maziwa, na uiache hata ipoe. Nasema vivyo hivyo kwa kumbukumbu zote za kizuizini, za ukoloni na za baada ya ukoloni, pamoja na zile za vyumba vya mateso vya Nyayo House. Kama unahisi unahitaji pombe ili uzivumilie, funga kitabu, upumzike, ukirudie kesho.

Sehemu nyingine za kaunti nitazipita haraka. Kwenye barabara ya Magadi kuna Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walianza kazi miaka ya 1940, na mashoka ya mawe bado yamelala pale yalipokutwa, mgeni akiyatazama kutoka kwenye kijia cha mbao. Soma Disclosing the Past, maisha ya Mary Leakey aliyoyaandika mwenyewe, 1984. Mwanamke asiye na shahada yoyote, aliyeanza kwa kuchora zana za mawe, akaja kuwa mmoja wa wachimbaji hodari wa mabaki ya kale duniani. Wiski vijiko vitatu, maji ya ndimu kijiko kimoja, soda ya tangawizi, barafu nyingi kwa sababu bonde lile lina joto. Makumbusho ya Taifa yana vibanda vya kulala hapo. Ukilala, beba maji yako yote kutoka mjini.

Amboseli ina wasifu wa aina yake, wa ndovu. Cynthia Moss alianza kuwafuatilia ndovu wa Amboseli mwaka 1972. Elephant Memories cha 1988 kinafuata familia moja ya ndovu kama watu wanavyofuata ukoo, na baadaye yeye na mpiga picha Martyn Colbeck wakaandika Echo of the Elephants kuhusu Echo, kiongozi wa familia nyingine, aliyekufa 2009. Kinywaji ni bia. Kampuni ya Kenya Breweries ilianzishwa 1922 na ndugu wawili wa ukoo wa Hurst. Mwaka uliofuata mmoja wao, George, aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na jina la Tusker likatokana na mkasa huo. Paka mdomo wa glasi ndimu, uchovye kwenye chumvi iliyochanganywa na pilipili kavu kidogo, kamulia ndimu nusu, mimina bia baridi taratibu. Vijana wasomaji, hata wasiopenda historia ya siasa, huanzia vizuri hapa.

Na kwa kuwa tumetaja bia, aliyefanya biashara asome Beyond Expectations, maisha ya Njenga Karume, kilichotoka 2009. Alizaliwa 1929, akaanza na makaa na mbao, akawa msambazaji mkubwa wa bia, akaishia waziri. Baada ya kumsoma Willis utakielewa kitabu hiki kwa jicho jingine, maana Karume ni wa kizazi kilichotoka kukatazwa chupa hadi kumiliki malori ya kuisafirisha. Yatosha shandi: nusu bia, nusu soda ya tangawizi. Kina kurasa nyingi za biashara ambazo kichwa kizito hakiziwezi.

Kwa Unbowed cha Wangari Maathai, 2006, kinywaji kinachostahili ni muratina, kwa sababu kinatoka mtini. Tunda la mwegea hupasuliwa, hukaushwa juani, hutayarishwa, kisha hutiwa katika maji ya asali au ya miwa ili kuchachusha. Maathai alikulia Ihithe, Nyeri, katika mazingira ambamo mti haukukatwa ovyo, na kitabu chake kinaonyesha jinsi alivyouona mkuyu na kijito vya utoto wake vikipotea. Nunua muratina iliyotengenezwa na mwenye leseni pekee. Nusu glasi, baridi, maji ya soda juu yake na ndimu kidogo. Ina nguvu kuliko ladha yake inavyoonyesha.

Wapo wasomaji, na Kitengela ni wengi, ambao pombe haiingii nyumbani mwao kwa imani au kwa uamuzi. Wasidhani wamealikwa nusu. Kitabu ninachowapendekezea ni Wasifu wa Siti binti Saad, cha Shaaban Robert, na ningekipendekeza kwa mnywaji pia. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, akauza vyungu, akaingia mjini, akawa sauti ya taarabu iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928, akafa 1950. Shaaban Robert anamwandika kwa heshima kubwa, kwa Kiswahili ambacho mtu anayesoma wasifu wa Kiingereza pekee hajui anachokosa. Ni kitabu chembamba. Kinasomeka kwa jioni moja, kwa sauti, na watoto wakisikiliza.

Loweka ukwaju kiganja kimoja katika lita moja ya maji ya vuguvugu kwa nusu saa. Ukamue kwa mkono mpaka kokwa zibaki kavu, chuja mara mbili. Ongeza maji ya tangawizi iliyotwangwa, iliki tatu zilizopondwa, na shira kidogo kidogo huku ukionja, kwani ukwaju hautofautiani na watu, mmoja mkali na mwingine mpole. Tia barafu kubwa. Weka jagi katikati ya meza.

Kuhusu mwenendo wa jioni yenyewe nina machache. Mkila nyama choma, mle kwanza, mnawe kwa sabuni, mfute meza, ndipo vitabu vitolewe. Mafuta ya mbuzi hayatoki kwenye karatasi, na baadhi ya vitabu hivi ni vigumu kuvipata. Cha JM na cha Kamante utavitafuta kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba kando ya barabara katikati ya Nairobi, na ukivipata usimwazime mtu asiyerudisha. Kila mmoja asome kurasa 30 au 40 nyumbani kabla ya kuja. Glasi zitengenezwe baada ya usomaji wa kwanza wa sauti, si watu wanapoingia mlangoni, la sivyo kikao kitakuwa cha vinywaji na kitabu kitakuwa pambo.

Mkikutana baani, kumbukeni kwamba sheria ya vileo ya 2010 inaziruhusu baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi, na kufungwa saa tano usiku. Muda huo ni mfupi kwa kitabu kizito na muziki utawashinda. Nyumbani ni bora. Aliyekuja na gari asiguse pombe hata kijiko, barabara ya Namanga usiku ina malori na imechukua watu wengi. Alale, au apande matatu. Walio chini ya miaka 18, wajawazito na wanaotumia dawa wapewe jagi la ukwaju bila kuulizwa maswali.

Na kile kikao cha kwanza, cha Hughes na Ole Gilisho, msikifanye wageni watupu. Karibu kila mtaa wa Kitengela una jirani mzee wa Kimaasai ambaye familia yake iliona ranchi ikigawanywa, na pengine babu yake alisimuliwa safari ya kutoka Laikipia na waliotembea. Mwendee siku kadhaa mapema, umsalimu inavyopasa, umweleze mnasoma nini, umwombe aje kusikiliza na kusema atakapotaka kusema. Mwulize anakunywa nini, usimkadirie. Wazee wengi siku hizi wameokoka na hawataki hata harufu ya pombe, na wengine watataka glasi yao kama watu wengine. Akisema chai, iwe ya maziwa, ya sukari ya kutosha, na iwe chupa mbili, maana akifika kwenye 1911 hataondoka upesi.